Kusimama Fumba

Barabara iendayo Fumba hutoka mjini Unguja, hupita ubavuni mwa uwanja wa ndege, hushika kusini, na kabla ya saa moja kutimia huwa imekwisha, kwani mbele yake hapana tena nchi kavu. Pana Ghuba ya Menai na visiwa vyake. Wageni wengi wafikao huko asubuhi hawakukifuata kijiji. Wamefuata vyombo vya kuwapeleka kwenye mafungu ya mchanga na kisiwa cha Kwale, wakaogelee, wale samaki wa kuchoma kivulini, warudi alasiri. Huhesabiwa, hupakiwa, huondoka. Mara moja moja hutokea mmoja, aghlabu mtu aliyekwisha kusoma kidogo, akauliza kama hapa ndipo alipozaliwa Siti binti Saad. Hujibiwa kuwa ndipo. Basi hubaki amesimama pale, jua likimpiga, hajui alifanyie nini jibu alilopewa.

Kusitasita huko kunastahili kufikiriwa. Mtu aliyekatiza safari yake ili aone mahali alipozaliwa mwimbaji amekwenda kutafuta nini? Sauti haipo, mwenyewe alifariki mwaka 1950. Nyumba za miti na udongo haziishi miaka mia na arubaini. Kilichobaki ni jina la mahali na watu wakaao mahali hapo, ambao hawakumjua na wana shughuli zao. Watu hao wana haki gani katika sifa ya yule aliyeondoka kwao? Na mpita njia aliyesimama anadaiwa nini nao?

Desturi ya kusimama si ya visiwa hivi. Nchi nyingine zimeizoea hata zimeijengea mlango na dirisha la kuuzia tiketi. Huko Tupelo, katika jimbo la Mississippi, watu waliomo safarini huacha njia kuu wakaingia nyumba ya vyumba viwili alimozaliwa Elvis Presley mwaka 1935, na hutoka baada ya dakika chache, kwa kuwa vyumba viwili havichukui muda. Mji wa Salzburg huuza peremende za chokoleti zenye sura ya Mozart, ambaye alipokuwa hai aliuona mji huo kama kifungo, akaukimbilia Vienna mwaka 1781. Mji ule haukuona haya. Pengine miji haina viungo vya kuonea haya. Wenye haya ni watu mmoja mmoja.

Lakini hapana haja ya kwenda mbali hivyo, madhali Unguja yenyewe ina mfano wake. Tarehe 5 Septemba 1946, katika Mji Mkongwe, alizaliwa mtoto wa Kiparsi aliyeitwa Farrokh Bulsara. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu ya serikali ya Kiingereza. Mtoto alipelekwa Bara Hindi kusoma skuli ya bweni huko Panchgani akiwa na umri wa miaka minane hivi, akarudi ujanani, na mwaka 1964, baada ya mapinduzi, jamaa yote ikahamia Uingereza. Ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Aliimba kwa Kiingereza, akafa London mwaka 1991, na katika nyimbo zake zilizomtangaza ni vigumu mtu kuonesha ubeti wa kusema: huu umetoka Shangani. Hata hivyo Shangani leo pana nyumba ya kumbukumbu yake, iliyofunguliwa mwezi Novemba 2019, na wageni husimama mlangoni wakipigana picha. Ilikuwapo pia siku ambapo mji huo huo ulimkana. Mwaka 2006 palikusudiwa kufanywa sherehe ya kutimia miaka sitini tangu azaliwe. Wakatoka watu wa dini wakapinga, wakisema mwenendo wake haufai kupewa heshima Zanzibar, na sherehe ikavunjwa. Pande zote mbili, waliotaka kusherehekea na waliotaka kuzuia, walikubaliana katika jambo moja bila ya kujua: kwamba mtu huyo ni wao. Mmoja alitaka kumtumia na mwingine alitaka kumwonea aibu, na hakuna mtu aoneaye aibu mtoto wa jirani.

Siti ni shauri jingine. Kwake yeye swali si kama mahali panamdai aliyekwenda. Ni kama aliyekwenda alikuwa na haki ya kwenda.

Alizaliwa Fumba katika miaka ya 1880 au karibu yake. Wazazi wake walizaliwa Unguja, lakini nasaba zao zilitoka bara: baba Mnyamwezi, mama Mzigua. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulikuwa bado halali, na haukuondolewa kwa sheria ila mwaka 1897, binti huyo akiwa amekwisha kuvunja ungo. Husimuliwa kwamba jina alilopewa kwanza ni Mtumwa, na kwamba hilo la Siti, yaani bibi, mwanamke wa heshima, lilimjia baadaye. Baba alikuwa mkulima. Mama alikuwa mfinyanzi, na binti akajifunza kwa mama.

Hapa inafaa kutua kidogo, kwani wasifu mwingi huupita udongo mbio ili uwahi jukwaa. Kufinyanga katika visiwa hivi ni kazi ya wanawake. Udongo huchimbwa, ukachaguliwa mawe na mizizi, ukalowekwa, ukakandwa hata ukalainika. Chungu hujengwa kwa mkono bila ya gurudumu, udongo ukipandishwa juu ya udongo, mkono mmoja ndani na mmoja nje, huku mfinyanzi akizunguka chungu au chungu kikizunguka mbele yake. Husuguliwa, hukaushwa kivulini, kisha huchomwa. Na chungu kilichokaushwa kwa pupa hupasuka motoni na kazi ya siku zote zile huwa gae. Baada ya hapo ndipo huja kazi ya pili, iliyo ngumu kuliko ya kwanza: kujitwika, kwenda mjini kwa miguu juu ya njia ya mawe ya matumbawe, na kunadi. Anayenadi vyungu hana budi sauti yake ipite ukuta, impate mwanamke aliyemo jikoni asiyeonekana, imfanye ainuke. Wanaosema kwamba Siti alijifunza kuimba alipohamia mjini mwaka 1911, alipofunzwa muziki, wanasema kweli juu ya muziki. Sauti ilikuwa imekwisha kufunzwa zamani, njiani, na aliyeifunza ni haja ya kurudi Fumba na kichwa kitupu.

Wahenga wamesema mfinyanzi hulia gaeni, na hapana msemo uliomfaa zaidi. Watu walinunua vyungu vya mama na binti wakapikia; wao wenyewe hawakuwa na kitu. Hakupata skuli. Hakuwa na ukoo wa kutajwa. Katika mji ambamo mtu huulizwa kwanza wewe ni mtoto wa nani, jibu lake lilikuwa fupi.

Basi akaenda. Na hapo ndipo inapomkabili methali nyingine, ile ambayo kila mtoto wa pwani ameisikia kwa wakubwa wake: mwacha asili ni mtumwa. Hapana mtu aliyewahi kuwekwa mbele ya methali hiyo kwa ukatili kama mwanamke huyu. Kama masimulizi ni ya kweli, utumwa ulikuwa ndio jina alilopewa kwao, naye aliuacha kwa kuiacha asili. Alipokuwa kwao alikuwa Mtumwa. Alipokwenda zake akawa Siti. Methali imegeuzwa kifudifudi, na mwenye kuitumia leo kumlaumu kijana aliyehama shamba hana budi kwanza aeleze jambo hili.

Yawezekana kujibu kwamba methali haikukusudia mahali. Asili, mtu atasema, ni mila na watu, na aliyehama kwa miguu anaweza kuwa hajahama kwa moyo. Jibu hilo lina uzito, lakini lina mtego ndani yake. Kwani asili ya binti Saad ni ipi? Ikiwa ni Fumba, wazazi wake walikuwa wageni wa kizazi kimoja hapo. Ikiwa ni Unyamwezi au Uzigua, hakuzaliwa huko. Ikiwa ni ile hali waliyoingizwa watu wengi wa bara walioletwa au waliokuja visiwani, basi kuambiwa usiache asili ni kuambiwa ubaki ulipowekwa na aliyekuweka. Asili ya mtu wa pwani, ukiifuata nyuma hatua tatu, huingia majini au huingia bara, na aghlabu huingia kote kuwili. Watu wenye nasaba ndefu za maandishi ndio waliopenda sana methali hii, na si vigumu kuona kwa nini.

Hata hivyo upo ushahidi upande wa pili, nao umo katika kazi yake mwenyewe. Taarabu iliyokuwapo mjini kabla yake ilikuwa imeletwa kutoka Misri na Sultani Barghash, ikaimbwa kwa Kiarabu, ikasikizwa na wachache walioielewa na wengi waliojifanya kuielewa. Siti na wenziwe, akina Subeti bin Ambari, Mbaruku na Mwalimu Shaaban, waliiweka katika Kiswahili, na jioni watu wa Ng'ambo walikusanyika kusikiliza yaliyowapata wao wenyewe. Wimbo wa Kijiti unahusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja akiwa mja mzito. Muuaji akakimbilia bara, na mkono wa mahakama ukaangukia wanawake waliokuwa mashahidi. Hukumu ile iliandikwa kwa lugha ya wenye mamlaka. Wimbo uliandika hukumu nyingine kwa lugha ya wasiokuwa nayo, na kati ya mbili hizo, inayojulikana leo ni ya pili. Aliyeimba hayo alialikwa pia kwa masultani na kwa matajiri, akaenda, akalipwa. Je, aliacha asili? Aliacha udongo, aliowachukua pamoja naye ni watu wa udongo. Lakini kusema hivyo kusimfanye mtu aone raha upesi, maana Fumba yenyewe haikupata kitu katika hayo. Mwanamke aliyebaki anafinyanga aliendelea kujitwika.

Ipo tena ile methali ya kupendeza, mcheza kwao hutunzwa. Siti alitunzwa, lakini kwa utaratibu gani! Mwanzo walikuwapo wenye kumcheka sura, wenye kumcheka kwao, wenye kuuliza amekuwa mtu lini. Wakamtungia maneno ya kumdhalilisha. Naye akayajibu kwa wimbo, na majibizano hayo watu wazima wa Unguja huyasimulia hadi leo huku wakitabasamu. Mwaka 1928 kampuni ya santuri ilimpeleka Bombay yeye na kundi lake, wakaimba mbele ya chombo, na sahani zikarudi pwani nzima, zikafika bara, zikaingia nyumba ambazo mwenyewe asingekaribishwa kuketi. Tangu hapo hapakuwa tena na mtu aliyewahi kumcheka. Kila mtu alikuwa amemtambua tangu mwanzo. Shaaban Robert, aliyeonana naye katika siku zake za mwisho akaandika wasifu wake, aliona kwamba maisha hayo yanafaa kuwekwa mbele ya wasomaji kama maisha ya mtu mkubwa, na katika fasihi ya Kiswahili ya wakati ule hilo halikuwa jambo dogo kwa mwanamke aliyekuwa akiuza vyungu. Mwaka 1988 wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Wote hao walimtunza. Lakini kwao ni wapi katika methali ile? Bombay? Ng'ambo? Dar es Salaam? Fumba ndiyo ya mwisho katika orodha, na hapana mtunzaji aliyefika huko na tunzo mkononi.

Mtu mwenye kupenda hoja kavu atasema mambo haya yote ni kujisumbua. Sauti haina mahali. Imo katika santuri, na santuri ni ile ile ukiisikiliza Muscat au Mombasa au Toronto. Kusimama Fumba hakumwongezei msikilizaji hata noti moja. Hoja hii ni ya kweli kiasi cha kutosha kuudhi. Wapo watu waliozuru kaburi la kila mshairi wa pwani na hawajui kusoma kwa mizani beti nne za yeyote kati yao. Picha ya mlangoni imekuwa badala ya kusikiliza, na badala hiyo ni rahisi mno, haihitaji sikio.

Ila hoja hiyo inasahau jambo moja. Sauti iliyomo katika santuri imekatwa na gharama yake. Mtu anayeisikia chumbani huipata ikiwa tayari, kama anayenunua chungu sokoni. Aliyesimama Fumba, kama akili yake iko kazini, ataanza kuhesabu: umbali huu kwa miguu, jua hili, uzito huu kichwani, mara ngapi kwa mwezi, kwa miaka mingapi. Hesabu hiyo haifanyiki vizuri mjini. Wala si kwa ajili ya kuhuzunika. Siti hakuwa mtu wa kuhuzunikiwa. Ni kwa ajili ya kujua kwamba kitu kinachofurahisha kilitoka mahali ambapo hapakuwa na furaha nyingi ya kugawa, na kwamba waliokuwa na sauti nzuri katika kijiji kile bila shaka hawakuwa mmoja. Mpita njia anadaiwa kumkumbuka yule wa pili na wa tatu, ambao hawakwenda 1911, waliozuiwa na mume, na mtoto, na homa, au na methali.

Deni jingine ni la adabu ya kawaida, nalo huvunjwa kila siku. Mgeni anayekuja kuona mahali pa mtu mashuhuri hupenda kupakuta pamebaki kama palivyokuwa. Hufurahi kuona makuti na huvunjika moyo kuona bati. Peninsula hii ya Fumba imo katika mabadiliko makubwa: eneo huru la uchumi limetengwa, na huko Nyamanzi mji mpya wa nyumba za kuuza umeinuka ambapo palikuwa na mawe na vichaka. Msafiri mwenye moyo wa kishairi hulalamika kwamba uzuri unaharibiwa. Huenda unaharibiwa kweli, na lipo swali zito la nani atakaa katika nyumba hizo na nani atazifagia. Lakini kumtaka mtu aishi katika nyumba ya udongo ili mwingine apate kumkumbuka Siti vizuri ni kumrudishia mtu huyo jina la kwanza la Siti. Binti Saad hakuiona nyumba ya udongo kuwa nzuri. Alipopata njia ya kutoka alitoka.

Na pia si haki kukifanya kijiji kiwe mlezi wa sifa kisiyoichuma. Watoto wa Fumba wanaweza wakalijua jina lake au wasilijue. Wakilijua, iwe kwa sababu wamefundishwa skuli na kusikilizishwa sauti yenyewe, isiwe kwa sababu mgeni huuliza na anayejibu hupewa noti. Bi Kidude, mtoto wa muuza nazi aliyezaliwa kijiji kingine cha Unguja na aliyezichukua nyimbo za Siti kwa kusikiliza, alizibeba hadi Ulaya na Japani, akaimba hata uzeeni, akafa mwezi Aprili 2013. Hakuzichukua Fumba. Alizichukua kwa mwenyewe na kwa santuri, akakaa nazo maisha mazima, na huko ndiko kuzuru kuliko kurefu.

Alasiri vyombo hurudi. Maji yakiwa yamekupwa wageni hushushwa mbali, wakaja kwa miguu juu ya mchanga wakibeba viatu vyao, ngozi zimewaiva. Dereva huwa amekwisha kuwasha gari. Yule aliyeuliza asubuhi huwa wa mwisho kupanda, na akiwa na ujasiri wa kutosha humwomba dereva aache ule muziki anaodhani wageni huupenda, atafute katika simu yake sauti ya binti Saad. Dereva huitafuta. Mwanzo husikika mkwaruzo wa sahani kongwe, kama mtu akisugua chungu kwa ganda, kisha udi, kisha yeye. Wengine garini huulizana ni nini hicho. Gari hupita Bweleo, hupita Dimani, ikirudi mjini kwa njia ile ile, na ukingoni mwa barabara wanawake wenye mizigo kichwani husogea kando kuipisha.